Mama na Glasi Yenye Mstari

Nyumbani kwetu Bawshar mgeni hakuondoka bila kufukizwa udi na kutiwa marashi. Tulilelewa hivyo Unguja, na tulipohamia Maskati tukakuta wenyeji wana desturi hiyohiyo, basi tukaiendeleza bila kuifikiria. Kwa hiyo mama yangu alipoacha kutoa marashi, watu waliona upesi. Chetezo cha udi kilizungushwa kama kawaida, kisha ikawa basi, kwaherini. Jirani yetu mmoja, Mzanzibari mwenzetu ambaye ulimi wake haukukaa ndani, alisimama mlangoni siku moja akanusa bega la buibui lake.

"Shoga, nyumba yako siku hizi mtu anaingia ananuka vitumbua, anatoka ananuka vitumbua. Marashi yamepanda bei au sisi ndio tumeshuka?"

"Daktari kanikataza," mama akajibu huku akicheka. "Yananitia pumu."

Mama hakuwa na pumu. Marashi alikuwa ameyafungia kabatini na ufunguo ameufunga kwenye pindo la kanga, kwa sababu kaka yangu alikuwa akiyanywa.

Najua kuna msomaji atakayeshtuka hapo, na nataka nimweleze taratibu, maana mambo haya yakielezwa kwa haraka hubaki aibu tupu. Kaka alikuwa kifungua mimba wa mama. Alikuwa fundi wa vyumba vya baridi katika soko kuu la matunda na mboga kule Mawaleh, mtu wa mikono mizuri, mcheshi, mwenye kupendwa na watoto. Kunywa alikuanzia ujanani, nchi nyingine, alikopelekwa kusomea ufundi. Aliporudi Maskati alirudi nako.

Sheria ya hapa katika miaka ile, ya tisini na ya mwanzo wa elfu mbili, haikuipiga pombe marufuku kwa kila mtu. Mgeni asiye Mwislamu, mwenye kazi yake, aliweza kuomba kibali polisi. Akikipata, alikwenda kwenye duka maalumu, duka lisilojitangaza, akanunua kiasi alichopangiwa kulingana na mshahara wake. Alitakiwa anywe kwake, na asimpe asiye na kibali. Sisi Waislamu hatukuwa na kibali cha kuomba, na wengi wetu hatukukitaka. Lakini aliyekwisha kushikwa na kiu ile hakuacha kuwa na kiu kwa kuwa jina lake ni la Kiislamu. Alitafuta penginepo, na penginepo palikuwa karibu sana: dukani kwa kinyozi na kwenye duka la mtaani, ambako kolonya ya bei rahisi ilipangwa rafuni pamoja na sabuni na mafuta ya nywele. Kolonya haikuhitaji kibali. Mtoto angetumwa akainunua.

Asubuhi moja kaka aliamka akipapasa ukuta. Haoni. Alikaa kitandani akiuliza kama umeme umekatika, na jua lilikuwa limejaa chumba kizima. Kabla ya adhuhuri macho yalirudi kidogokidogo, kwanza vivuli, kisha sura zetu. Hatukumpeleka hospitali, kwa kuwa tulihofia kuulizwa. Mama alikaa ukingoni mwa kitanda akimshika kifundo cha mguu, kama mtu anayemzuia mtoto asitambae. Siku ile ndipo alipoamua.

Mimi nilikuwa mwalimu wa sayansi katika shule ya wasichana, nimezoea kueleza jambo kwa hatua, na mama alinieleza kwa hatua.

"Mtoto ukitaka kumwachisha ziwa, humwachishi kwa siku moja," alisema. "Unampa kidogo, kesho unapunguza, mpaka anasahau mwenyewe. Huyu keshashindwa kuacha mara ngapi? Anaacha siku mbili, anarudi kwenye masumu ya kinyozi. Sasa nnampa mie. Kitu kinachojulikana, kwa kipimo, mkononi mwangu. Kisha nnashusha."

"Mama, na dhambi?"

"Masuala mengine usiulize, maana ukiuliza utajibiwa. Kisha utafanyaje?"

Aliyetuletea pombe hiyo alikuwa mfanyakazi mwenzake kaka, Mtanzania wa Moshi, Mkristo, mwenye kibali chake. Zamani kaka alimsimamia alipogombana na kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini, akamtafsiria Kiarabu mpaka mambo yakasawazika, na yule bwana hakusahau. Alikuwa akihatarisha kazi yake na ukaazi wake, naye alijua. Alikuja baada ya alasiri na mfuko wa machungwa kutoka sokoni, chupa ikiwa chini ya machungwa.

"Shikamoo, mama."

"Marhaba. Lakini hapa tunasema masalkheri, baba. Mwaka wa ngapi huu hujajifunza?"

"Masalkheri, mama. Ila shikamoo yangu nayo ichukue, nimeibeba kutoka mbali."

Mama alimpenda kwa majibu yake. Yule bwana hakuondoka bila bakuli la kitu: mkate wa kumimina, sambusa, wali uliobaki wa Ijumaa. Chupa mama aliishika kwa mfuko wa plastiki, akaiweka kwenye kabati la marashi, kisha akaenda kutia udhu upya.

Kipimo chenyewe kilikuwa glasi ndogo ya chai. Mama aliniomba rangi yangu ya kucha, nyekundu, akachora mstari karibu na ukingo. Kaka alipewa asubuhi kabla ya kazi, akapewa tena akirudi, na tena baada ya sala ya magharibi, na kila mara sharti ale kwanza. Kila baada ya muda mama aliukwangua mstari kwa kisu, akachora mwingine chini yake kidogo, kiasi cha unene wa ukucha.

"Bi mkubwa, mstari huu umeshuka," kaka alisema jioni moja akiinua glasi kwenye taa.

"Haukushuka. Macho yako."

"Macho yangu yamepona, ndiyo maana nnayaona haya. Wewe ungefaa uwe polisi."

"Polisi hawapiki. Maliza mchuzi."

Sijawahi kusimulia hili bila mtu kuniambia kuwa mama alikosea. Huenda. Mimi nasimulia nilichokiona. Niliona mikono ya kaka ikiacha kutetemeka. Niliona uso wake ukirudiwa na rangi. Alirudi kazini kila siku, akamtengenezea yule jirani wa vitumbua kiyoyozi chake bila kuombwa mara mbili. Miezi ilipita bila harufu ya kolonya chumbani mwake. Mstari ulipofika karibu na nusu ya glasi, alipanda gari akaenda Qurayyat.

Qurayyat ndiko alikokuwa mkewe. Alikuwa amerudi kwa wazee wake na watoto, baada ya kuvumilia mengi, na hakuna kati yetu aliyemlaumu. Kaka aliporudi kutoka huko alikaa jikoni na sisi, mchanga wa pwani ungali kwenye viatu vyake, akatupa khabari. Mtoto mdogo alimkalia mapajani. Mkewe alimmiminia kahawa mwenyewe. Na wakati wa kuagana alimwambia kwa Kiarabu, mbele ya baba yake, kwamba akija Sikukuu hali hana kitu mwilini, wataondoka naye pamoja.

"Sikukuu ipi?" mama aliuliza.

"Idi hii inayokuja. Ya Ramadhani."

 Mama alikuwa akihesabu moyoni, nami nilikuwa nikihesabu naye. Tulikuwa tumeingia Shaaban, na mstari ungali katikati ya glasi.

Tangu hapo nyumba yetu ilikuwa na mashindano ya kimya kati ya mstari na mwezi. Mama alijaribu kuushusha haraka zaidi. Kaka akaanza kutoka jasho usiku na kuamka na hasira, mama akarudi nyuma kidogo. Na juu ya yote palikuwa na swali ambalo hakulitamka: mwezi ukiandama, atawezaje, naye amefunga, kumpa mwanawe glasi ile? Angeweza kumpa baada ya futari, kutoka kwenye sala ya tarawehe kuingia kabatini. Nilimwona akisimama mbele ya kabati lile mchana, amelishika kitasa, hafungui.

Siku ya mwisho ya Shaaban televisheni ilitangaza kwamba mwezi umeonekana. Majirani walianza kupigiana simu kupongezana. Kaka aliingia sebuleni ameoga, amevaa kanzu safi na kofia, akachutama mbele ya mama.

"Mama, sikiliza. Mwezi huu usinipe."

"Vipi, mwanangu?"

"Usinipe. Umebeba mzigo wangu vya kutosha, siwezi kukutia katika jambo hili ndani ya Ramadhani. Nnafunga pamoja nanyi, na Mungu atanisaidia. Khalas."

Mama alimshika kichwa kwa mikono miwili akalia. Nami nililia. Sidhani kama nimewahi kuona furaha kama ile nyumbani kwetu. Kaka mwenyewe alikuwa akicheka na kufuta machozi, akiniambia nilete halua, kwani kuna msiba hapa? Mama alikwenda kabatini, akaichukua chupa, akaimwaga yote katika sinki la bafuni huku akileta istighfari. Yule bwana wa Moshi alipigiwa simu aambiwe asilete tena. Naye alifurahi. Alisema atamwombea kanisani.

Sasa nieleze kosa letu, kwa sababu naamini ni kosa ambalo watu wa dini na mapenzi kama sisi ndio wenye kulifanya. Kila dalili ya ugonjwa tuliisoma kuwa dalili ya ibada. Alipoanza kutetemeka tulisema ni njaa ya mwanzo wa mwezi. Wakati wa futari tende ilimponyoka vidoleni, mama akaiokota akamlisha, akasema swaumu inamsafisha. Aliposhindwa kulala aliswali, nasi tukamsikia akiswali, tukamshukuru Mungu. Alipolia tulisema ni toba. Jirani alipita na bakuli la uji wa ngano, akamwona amekaa amejiinamia na jasho limelowesha kanzu, akasema, "Mashaallah, tazameni nuru hiyo." Hakuwa akifanya mzaha.

Kisha akaanza kujikung'uta.

"Toa hawa," aliniambia.

"Kina nani, kaka?"

"Sisimizi. Wamejaa kwenye kanzu. Huwaoni?"

Nilitazama. Hapakuwa na kitu. Nikamwambia mama twende hospitali, mama akasema ngoja kwanza, ataitwa ami yetu amsomee. Hospitali wataandika. Wataandika nini? Wataandika anakunywa, khabari itafika sokoni, itafika Qurayyat, na watoto hatawapata tena. Na yule mtoto wa watu aliyetuletea naye je? Ilikuwa hofu yenye sababu, siwezi kusema haikuwa na sababu. Ami alikuja, akasoma kwa sauti nzuri, akampulizia maji. Kaka alimtazama kwa adabu, akamwomba awatoe sisimizi kwenye msahafu.

Baada ya alasiri alianguka. Mwili ulikakamaa, ukaanza kupigapiga sakafu, macho yamegeuka. Mimi na ami tulimbeba mpaka garini, nikaendesha bila kukumbuka njia.

Daktari alikuwa kijana, Mwomani, na aliposikia mama akisoma dua na kumwita mwanawe kwa Kiswahili, akageuza lugha. Kumbe na kwao wanasema Kiswahili. Nadhani hilo lilimtisha mama zaidi, kwa kuwa mtu wa kwao ndiye mwenye kukujua.

"Mama, nataka nijue. Huyu hunywa?"

"Amefunga," mama alisema.

"Najua amefunga. Nnauliza kabla ya hapo."

Mama alitazama huku na huku. Pazia lilikuwa wazi, watu wamekaa pembeni na wagonjwa wao, na ami yetu amesimama hapohapo. Nilifungua mdomo niseme mimi. Mama akaniwekea mkono gotini.

"Nnampa mie," alisema, na hakuteremsha sauti. "Kwa mkono wangu. N'likuwa nampimia, nashusha, nampimia, nashusha. Mpaka mwezi ulipoandama. Kisha n'kaimwaga."

Ami aligeuka akatazama ukuta.

Daktari hakusema astaghfirullah. Aliwaagiza wauguzi dawa kwa Kiarabu, haraka, kisha akachutama mbele ya kiti cha mama kama vile kaka alivyochutama.

"Kushusha kwako hakukuwa kubaya, mama. Ulikuwa ukifanya kazi ya daktari bila ya daktari. Ila mwili uliozoea kwa miaka ukikatwa ghafla hutokea haya. Ziko dawa za kumvusha mtu. Mtu analazwa, anavushwa pole pole."

"Mngemwita polisi."

"Mimi kazi yangu ni hii," alisema, akionyesha kitanda. "Ungemleta jana, ningemwanzishia jana."

Sidhani alikusudia kumwumiza. Alikuwa kijana na alikuwa amechoka na amefunga, na alisema kweli. Lakini neno lile, jana, liliingia kwa mama na halikutoka tena mpaka alipofariki mwenyewe.

Dawa zilimtuliza. Kwa muda kaka alirudi kuwa yeye. Alitutambua, akauliza kazini wamemwambiaje mudiri, yaani meneja wao, akaniambia mtungi mmoja wa gesi wa chumba cha ndizi unavuja, nimkumbushe yule bwana wa Moshi. Adhana ya magharibi ilipolia kwenye redio ya muuguzi, alimgeukia mama.

"Nimefuturu?"

"Umefuturu, baba."

"Swaumu haikuvunjika?"

"Haikuvunjika. Lala."

Moyo wake ulikuwa umechoka kuliko tulivyojua. Alifariki katika kumi la kwanza la Ramadhani, kabla mkewe hajafika.

Mkewe alifika kwa mazishi, akakaa eda nyumbani kwetu, na watoto wakalala chumba cha baba yao. Watu waliokuja kuhani waliambiwa ni homa. Wanawake walisema amekufa na swaumu, jaha iliyoje. Mama aliitikia kwa kichwa. Yule bwana wa Moshi alikuja akakaa na wanaume nje, ameshika mikono yake kama mtu anayesubiri kukamatwa. Mama alimwita ndani.

"Mama, mimi ndiye niliyekuwa naleta."

"Najua. Umemwongezea miezi, kamwona mwanawe kamkalia mapajani. Nenda kale, mwanangu. Hujala."

Naambiwa siku hizi katika nchi nyingine watu wanabishana kuhusu vitu hivi: viruhusiwe, visiruhusiwe, nani auziwe, kiasi gani. Mimi si mwanasheria, na sitaki duka la pombe mtaani kwangu. Ila nikisikia ubishi huo nakumbuka kwamba kile kilichomtia kaka upofu kilikuwa rafuni bila ya ulinzi wowote, na kile ambacho kingepimwa kilikuwa na walinzi wengi, na daktari aliyeweza kumvusha alikuwa mwendo wa dakika chache kutoka kwetu, akijua Kiswahili. Kilichotutenganisha naye ni swali moja tuliloogopa kuulizwa. Nikitunga sheria mimi, ningeanzia hapo. Mtu aulize, ajibiwe, atibiwe, arudi nyumbani.

Katika mwezi wa Shawwal, siku joto lilipokuwa kali mno hata kuku hawakutoka kivulini, mlango uligongwa na mwanamke tusiyemjua vizuri, mgeni katika mtaa wa nyuma; baadaye alitwambia kwamba alikuwepo hospitalini siku ile mama aliposema. Alikaa ukingoni mwa kiti. Alisifu pazia. Aliuliza khabari za miguu ya mama. Chai ilipoa mbele yake.

"Wewe mtaje tu," mama alimwambia.

Mwanamke alitazama mlango, kisha akatazama mikono yake. "Mtoto wangu wa kiume. Nimemfungia chumbani tangu jana. Anatetemeka. Bwana wangu anasema atazoea."

Mama alikwisha simama. "Anakunywa nini?"

"Vya kinyozi."

"Muda gani?"

"Miaka."

"Ana sisimizi?"

Mwanamke alimtazama mama kama aliyeguswa na kitu baridi. "Anasema ni nyuki."

"Mfungulie. Tunakwenda hospitali saa hizi, na binti yangu ataendesha. Wakikuuliza kama anakunywa, usiseme anafunga, usiseme ana homa. Sema. Ukishindwa, n'tasema mie, keshanizoea yule daktari."

Nilikuwa nimeshachukua ufunguo wa gari. Mwanamke bado amekaa, ameshika kitambaa cha kiti.

"Na wako," aliuliza, "yeye alisema nini alipopona?"

"Wangu hakupona," mama alisema, akatia miguu viatuni. "Wangu tulichelewa. Nyanyuka."